Boraksi Imekwisha

Inspekta Nokwakha Dyantyi aliinua chupa namba 417 kuelekea dirishani, akaizungusha polepole. Ilikuwa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, saizi ya chupa ya achari, shingoni imefungwa utepe mwekundu. Ndani hamkuwa na spiriti hata tone. Mlikuwa na kitu kimoja tu, cheusi, kimejikunja, kigumu kama nyama kavu iliyosahauliwa kwenye waya.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," alijibu Daktari Gideon Lourens bila kuinuka kwenye kiti. "Jongoo bahari. Wa kwanza wa aina yake kupewa jina, na jina nililitoa mimi. Sitegemei uelewe uzito wake."

"Nieleweshe basi."

"Imenichukua miaka arobaini, Inspekta. Wewe una asubuhi moja."

Inspekta aliweka chupa mezani, akafungua daftari lake la kazi. Ukutani palikuwa na picha saba. Gideon na kofia juu ya miamba. Gideon akivishwa nishani. Gideon ameinamia hadubini kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Ukuta mzima, mtu mmoja.

Siku tano nyuma, Ijumaa, daktari huyu alipiga simu kituo cha polisi cha Skuitbaai. Alisema mtunza chupa wa makumbusho, Roslyn Arendse, amefungua kabati la vitu adimu, amekunywa spiriti ya chupa 417, na amemwacha mnyama akauke. Hati ya mashtaka ilikuwa kwenye mkoba wa Inspekta, imeshachapwa, imekosa saini yake tu. Mkuu wa kituo aliitaka leo kabla ya saa sita mchana, kwa sababu keshokutwa, Ijumaa, jengo jipya la makumbusho lingefunguliwa kwa jina la Lourens, na wakubwa hawakutaka kelele siku hiyo. Inspekta akisaini, Roslyn analala mahabusu leo. Kazi ya miaka thelathini na moja imekwisha, na Jumapili kanisani kwake, anakofundisha watoto, ataitwa mlevi.

"Utepe mwekundu ni wa nini?"

Daktari alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyeombwa kufundisha kuku kusoma.

"Mnyama mpya anapopewa jina, mwili mmoja unawekwa makumbusho uwe shahidi. Huo ndio wenye utepe. Mtu yeyote duniani akiwa na shaka, anaomba kumwona shahidi."

"Na huyu alikuwa shahidi wa nini?"

"Majongoo wote wana vijifupa ndani ya ngozi. Vidogo mno, bila hadubini huvioni. Kwa vijifupa hivyo ndipo tunajua huyu ni nani na yule ni nani. Huyu hana hata kimoja." Akainua kidole. "Hata kimoja! Jongoo asiye na mifupa. Niliandika kitabu juu yake. Nishani ile pale, safari za Ulaya, jengo la Ijumaa, vyote vimetoka ndani ya chupa hiyo. Halafu anakuja mwosha chupa anaigeuza baa."

"Ulijuaje ni yeye?"

"Kabati jekundu, la vitu adimu, lina funguo mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili uko kwa mlinzi, na anayeuchukua anasaini. Wa mwisho kusaini ni Roslyn, tarehe tatu Juni."

"Wako unasainiwa wapi?"

"Wangu ni wangu."

Inspekta aliandika maneno hayo matatu kama yalivyosemwa.

"Na hii," daktari akaendelea, akifungua droo kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha, "nimeikuta kwenye kabati lake la nguo." Akaweka mezani chupa ndogo ya brandi, nusu yake imejaa maji yasiyo na rangi.

Inspekta alifungua kifuniko, akanusa, akapiga chafya.

"Umeinusa, Daktari?"

"Mimi sinusi chupa za wafanyakazi."

"Ina kafuri. Hii ni dawa ya kuchua magoti. Mtu akinywa hii, hutamkuta na mashtaka, utamkuta na jeneza."

Daktari alisafisha miwani yake. "Magoti au koo, spiriti ni ya makumbusho."

"Hiyo nitaiandika pia," alisema Inspekta, akabeba chupa zote mbili kwenye mfuko wa vielelezo, akashuka ngazi.

Roslyn Arendse alikuwa ameketi kwenye benchi la mlinzi karibu na mlango wa chini, mkoba magotini, amevaa koti zuri la kanisani. Wote pale walimwita Tannie, yaani shangazi, wakubwa kwa wadogo. Tangu Ijumaa hakuruhusiwa kuingia stoo, lakini kila asubuhi saa mbili kasoro kumi alikuwa amefika. Mlinzi, mzee Mzwabantu, alikuwa anampa amagwinya, maandazi ya kwao, kutoka kwenye mfuko wa karatasi wenye madoa ya mafuta.

"Kula, Tannie. Jela hakuna maandazi haya."

"Mzwabantu, siku moja ulimi wako utakuletea mchumba."

"MaCirha!" Mlinzi alisimama alipomwona Inspekta, akamwita kwa jina la ukoo wake kama inavyotakiwa. "Huyu mama umeshamfunga au bado?"

"Bado. Naomba ufunguo wa stoo, Tata," alisema Inspekta, akimwita baba kwa heshima. " Na kitabu chako nisaini."

Alisaini. Tarehe kumi na nane Juni, saa nne na dakika tano.

Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye baridi, rafu hadi darini, chupa elfu kadhaa zenye kila kinachotambaa na kunata baharini. Tannie Roslyn alipoingia aligusa rafu ya kwanza kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Tannie, usishike kitu. Nieleze tu."

"Niulize, mwanangu."

"Ulikunywa?"

"Mimi hata soda nimeacha kwa ajili ya sukari. Na ningekunywa nini? Maji aliyooga jongoo mfu miaka ishirini na tisa?" Alionyesha kwa kidevu. "Hiyo ya pembeni, ni mwenzake. Fungua unuse."

Inspekta alifungua. Machozi yalimtoka hapohapo, akafunga haraka.

"Sasa tazama nyuma ya mlango."

Nyuma ya mlango palikuwa na pipa la lita ishirini na tano, limeandikwa spiriti safi. Kufuli lake lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikuwa umening'inia kwenye mkanda wa Tannie Roslyn. Hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya.

"Nikitaka kulewa nina pipa," alisema. "Nikachukue kikombe cha supu ya jongoo? Daktari ana shahada nne na hilo halijui?"

"Labda hakunywa mtu. Labda ilikauka yenyewe."

"Ikikauka yenyewe inachukua miezi. Kioo kinabaki na mistari, kama bafu lisilosuguliwa. Na mnyama anagandia chini, unamlowesha siku mbili ndipo aachie."

Inspekta alitoa chupa 417 kwenye mfuko. Kioo kilikuwa cheupe, hakina mstari. Aliitikisa, na jongoo akagonga huku na huku kama jiwe ndani ya kopo.

"Huyu kakaushiwa nje," alisema Tannie Roslyn taratibu, "halafu akarudishwa." Kisha akasogea karibu, akainama, akatazama upande mmoja wa kioo, akazunguka akatazama wa pili. Rangi ya uso ikamwondoka. "Lebo yake iko wapi?"

"Lebo gani?"

"Haimo? Bwana Yesu. Lebo haimo!"

Mwanamke aliyesikia jina lake kwenye hati ya mashtaka bila kupepesa macho sasa alilazimika kukalia ndoo.

"Niambie, Tannie. Lebo ni nini?"

"Kikaratasi. Kinakaa ndani ya chupa pamoja na mnyama. Kimeandikwa kwa penseli, maana spiriti inakula wino wa peni. Wapi ametoka, siku gani, nani alimkuta, ametiwa dawa gani. Na hakitolewi, hata kama jina la mnyama limebadilika. Unaongeza kipya, cha zamani kinabaki. Humu kuna chupa zina lebo nne, tano. Mnyama bila lebo ni takataka, Inspekta. Hakuna anayeweza kuapa kwa jina lake."

"Ikitoka kwa bahati mbaya?"

"Unaitia kwenye kichupa chake peke yake, na spiriti, na kikaratasi cha pili: imetoka chupa gani, siku gani, nani kaitoa. Mwaka themanini na sita mimi niliitupa moja, ilikuwa imechanika. Daktari alinitoa nje kwenye mvua nikapekua mapipa ya taka mpaka nikaiona. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Alisimama mlangoni na mwavuli akiniambia: lebo haitupwi, lebo haichomwi. Mwavuli ulikuwa wake."

Inspekta aliandika. Kalamu ilisimama.

"Mlevi anamimina spiriti. Lebo anaitakia nini?"

Inspekta aligeuza ukurasa wa daftari.

"Iliandikwa nini hiyo ya 417?"

"Niliona Daktari akiiandika. Nilikuwa nimeshika ndoo." Alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga. "Machi kumi na moja, sabini na tisa. Jumapili. Maji yalikupwa sana, akanitoa kanisani kwa honi ya gari. Tulipomaliza kule miambani alikuwa na formalini tu ya kuhifadhia, na formalini peke yake ni chachu, lazima uitie boraksi kidogo kuituliza. Boraksi ilikuwa imekwisha. Akanituma duka la dawa. Jumapili, Inspekta! Limefungwa. Nikarudi nikamwambia. Akasema, haidhuru."

"Isipotiwa boraksi inafanyaje?"

"Uliwahi kutia yai kwenye siki?"

"Ganda linakwisha."

"Basi na vijifupa hivyohivyo. Wiki chache tu."

Inspekta aliitikisa tena chupa 417.

"Kwa hiyo jongoo asiye na mifupa…"

"Alikuwa nayo, mwanangu. Alikuwa jongoo wa kawaida kabisa, hata leo ukienda pale miambani utawakanyaga. Mifupa ililiwa ndani ya chupa. Kitabu kilipotoka, mwaka themanini na moja, nilimwambia. Nilidhani namsaidia. Akaniambia: Roslyn, wewe kazi yako kuosha chupa. Nikanyamaza, nikaosha."

Mwenye binti anayerudi nyumbani akisema bosi wake ni msomi mkubwa na ni kama baba kwake, asome hapa mara mbili. Kunyamaza hakukumlinda huyu mama. Kulimhifadhi tu, kama kitu cha kwenye rafu, mpaka siku alipohitajika kwa kutupiwa lawama.

"Karibuni kuna mtu aliyemwomba daktari chupa hii?"

"Barua zinapita kwa Mzwabantu."

Mzwabantu hakuhitaji kuulizwa mara ya pili. Alifungua daftari lake la barua kwa kidole chenye mafuta.

"Hii hapa, MaCirha. Tarehe sita Juni, kutoka Maputo, Daktari Anabela Cossa. Nilipompelekea daktari wetu barua nilimwomba stempu, ilikuwa na samaki mzuri. Akanifukuza kama mbwa. Halafu Alhamisi iliyopita yule mama akapiga simu mwenyewe hapa mezani. Kiingereza chake kibovu kama changu, tukaelewana vizuri kabisa. Anauliza mbona hajajibiwa."

"Alitaka apelekewe jongoo?"

"Jongoo wa nini! Alitaka picha ya kikaratasi cha ndani. Picha tu. Nikamwambia daktari jioni ileile. Kesho yake asubuhi, Ijumaa, tunasikia Tannie amekunywa."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa tano na robo.

"Tata, funga mlango wa nje, uje juu na mimi uwe shahidi. Tannie, wewe pia, lakini usimame mlangoni na mikono yako uiweke mfukoni."

Daktari Lourens alikuwa anasoma hotuba yake ya Ijumaa kwa sauti ya chini walipoingia. Hakufurahi kuona kundi.

"Umesaini?"

"Bado kidogo. Naomba kupekua chumba hiki."

"Chumba hiki?" Alicheka kwa pua. "Unatafuta brandi yangu?"

"Nina haki ya kwenda kuchukua kibali kwa hakimu. Itafika jioni, na kesho magazeti yatauliza kwa nini. Au unikubalie mwenyewe."

Daktari aliwatazama wote watatu: mlinzi mwenye makombo kwenye sweta, mwosha chupa mwenye koti la kanisani, polisi mwanamke mwenye viatu vya vumbi. Midomo yake ilijikunja.

"Pekua. Pekua mpaka uchoke. Hutajua hata unachokitazama."

"Saini hapa kwamba umeruhusu."

Alisaini kwa mbwembwe, mkia wa jina ukivuka mstari.

Inspekta alivaa glavu. Hakugusa droo, wala kabati, wala vitabu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani, penye trei mbili za mbao zilizojaa vichupa vidogo, vya ukubwa wa kidole, vyote vimesimama wima kwenye matundu yao. Alitoa cha kwanza, akakiinua kwenye mwanga. Kitu kama ukucha. Akakirudisha. Cha pili, kitu kama kamasi. Cha tatu, cha nne. Hakuharakisha. Mzwabantu alihesabu kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyemkataza.

Kwenye ishirini na sita daktari aliacha kusoma hotuba.

"Hivyo ni vitu nyeti. Utaharibu kazi ya miaka."

"Nitakuwa mwangalifu."

"Roslyn, mwambie jinsi ya kuvishika!"

"Nimeambiwa mikono mfukoni, Daktari," alisema Tannie Roslyn.

"Arobaini na mbili," alisema Mzwabantu. "Arobaini na tatu. Lo, hiki kina nini?"

Hakikuwa na ukucha wala kamasi. Kilikuwa na spiriti safi na karatasi mbili tu. Moja ilikuwa ya rangi ya chai, kuukuu, kingo zimelegea. Nyingine nyeupe, mpya.

Inspekta alikisogeza kwenye mwanga, akasoma ile kuukuu kwa sauti, neno moja moja, maana mwandiko ulikuwa wa kijana mwenye haraka.

"Skuitbaai, miamba ya kusini. Kumi na moja Machi 1979. G. Lourens. Formalini tupu. Boraksi imekwisha."

Mlangoni, Tannie Roslyn alivuta pumzi.

"Na hii mpya." Akakigeuza kichupa. "Lebo ya asili ya chupa 417. Imetolewa tarehe tisa Juni 2008. G.L."

Alikiweka kichupa mezani mbele ya daktari.

"Tarehe tisa. Siku tatu baada ya barua ya Maputo. Siku nne kabla hujatupigia simu kusema umegundua. Na ufunguo ni ule usiosainiwa, maana wako ni wako."

Daktari aliikunja hotuba yake mara mbili. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Ilikuwa kosa dogo la siku moja."

"Kosa dogo ulilivalia nishani. Na lilipotaka kutoka, ukatafuta wa kulibeba, ukamchagua yule yule aliyekuwepo siku ile na ndoo. Akitupwa mahabusu kama mlevi, akisema habari za boraksi nani atamsikiliza?"

"Huwezi kuelewa. Watu duniani kote wanasoma…"

"Siulizi dunia. Nauliza jambo moja, na hili kweli silielewi. Jongoo ulimkausha juani bila huruma. Lebo ni kikaratasi cha vidole viwili. Kiberiti kingekutosha. Kwa nini hukuichoma?"

Gideon Lourens alimtazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa kwanza wa kweli asubuhi ile.

"Lebo haichomwi," alisema.

Mzwabantu alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Yho! Huyu mtu amejifunga, akajipanga kwenye rafu, akajiandika tarehe!"

"Nyamaza, Tata. Daktari, simama. Unakamatwa kwa kutoa taarifa ya uongo polisi na kuharibu mali ya makumbusho. Mengine atayasema mwendesha mashtaka."

Alimfunga pingu. Ukutani yule Gideon wa nishani alitabasamu, hana habari. Kisha Inspekta alitoa hati ya mashtaka mkobani, akaikunjua mbele ya Tannie Roslyn, akapiga mstari mmoja mrefu juu ya jina Roslyn Arendse, na pembeni ya mstari akatia saini ile iliyokuwa inasubiriwa.

"Jumapili nenda ukafundishe watoto wako," alisema.

Tannie Roslyn aliitikia kwa kichwa, akatafuta leso mkobani, akajifuta uso wote kana kwamba ametoka mvuani.

Ilibaki kuandika kielelezo. Inspekta alichukua kadi ya polisi, akaifunga kwa uzi kwenye shingo ya kichupa, akachomoa peni.

"Siyo peni!" Daktari alipiga kelele akijivuta kwenye pingu. "Penseli, mwanamke! Kikivuja, wino wote utafutika!"

Inspekta alimtazama Tannie Roslyn.

"Mpe haki yake," alisema Tannie. "Hapo hajadanganya."

Akatoa penseli fupi kwenye mfuko wa koti la kanisani, imechongwa vizuri, akampa. Inspekta akaandika kwa utaratibu aliofundishwa asubuhi hiyo, mahali kwanza, halafu siku, halafu aliyemkuta:

Skuitbaai, ghorofa ya pili, dirishani. 18 Juni 2008. N. Dyantyi. Gideon Lourens, mmoja, mzima.